Namna ya Kuitumia Encyclopaedia Iranica: Mwongozo kwa Mtafiti wa Historia ya Uajemi

Mtu yeyote anayechunguza historia ya Uajemi, iwe kwa ajili ya tasnifu ya chuo kikuu, makala ya jarida, au kwa sababu tu amesikia tangu utotoni kwamba wazee wake walitoka Shirazi na anataka kujua mji huo ulikuwaje, atafika kwenye Encyclopaedia Iranica. Hii ni kamusi elezo ya kitaaluma iliyoandikwa kwa Kiingereza, na kila makala yake imeandikwa na mtaalamu wa jambo lenyewe na kutiwa jina lake. Inasomwa mtandaoni bila malipo. Hata hivyo, wengi huifungua, huandika neno moja katika kisanduku cha kutafutia, hukosa walichokitaka, kisha huifunga wakiamini kwamba haina habari yao. Mara nyingi habari hiyo imo, ila msomaji hakujua imewekwa chini ya jina gani, kwa herufi zipi, na iliandikwa lini. Mwongozo huu unaeleza mambo hayo matatu, kisha unaonyesha jinsi ya kutoka ndani ya kamusi hiyo ukiwa na kitu cha kufanyia kazi.

Ilivyojengwa, na kwa nini hilo linakuhusu

Mwanzilishi wake ni Ehsan Yarshater, aliyezaliwa Hamadan mwaka 1920 na kufariki mwaka 2018. Alikuwa profesa wa taaluma za Kiirani katika Columbia University, New York, na ndiye aliyeiongoza kazi hii akiwa mhariri mkuu kwa miongo kadhaa. Sehemu ya kwanza iliyochapwa ilitoka mwaka 1982, na juzuu ya kwanza ikakamilika mwaka 1985. Tangu hapo juzuu zimekuwa zikitoka kidogo kidogo kwa kufuata alfabeti, na zimefika herufi ya K. Kuanzia miaka ya 1990 makala zilianza kuwekwa mtandaoni, na baadaye makala za herufi za mbele zikaanza kutolewa huko bila kusubiri zamu yake ya kuchapwa. Siku hizi kampuni ya uchapishaji ya Brill, yenye makao yake Leiden, Uholanzi, nayo inaitoa mtandaoni.

Historia hiyo fupi ina maana kubwa kwa mtafutaji. Mambo ambayo majina yake yanaangukia kati ya A na K yameshughulikiwa kwa ukamilifu wa kushangaza, hata wali, bilingani na nyumba za kuogea zimepata makala zake. Baada ya K utakuta makala nzuri, nyingine ndefu mno, lakini pia utakuta mapengo. Kwa hiyo, ukitafuta jambo linaloanza kwa M, S au T ukalikosa, usikate tamaa mahali hapo. Jiulize jambo hilo ni sehemu ya lipi kubwa zaidi, na jambo hilo kubwa linaanza kwa herufi gani. Mji usio na makala yake unaweza kuelezwa ndani ya makala ya jimbo lake, na waziri ndani ya makala ya ukoo uliomwajiri.

Jambo jingine la kulifahamu ni mipaka ya neno lenyewe. Iran inayozungumziwa humo ni pana kuliko nchi iliyopo leo kwenye ramani. Inachukua Afghanistan, Tajikistan, sehemu za Kaukazi, nchi za Wakurdi na Wabaluchi, na Bara Hindi katika karne ambazo Kiajemi kilikuwa lugha ya mabaraza ya watawala wake. Inaanzia nyakati za kabla ya maandishi na kufika karne iliyopita. Mtafiti wa Mombasa anayechunguza asili ya Wabaluchi waliokuja kuwatumikia masultani wa Busaidi kama askari atapata humo makala ndefu kuhusu Baluchistan, iliyoandikwa na mwanaanthropolojia Brian Spooner, inayoeleza ardhi, historia na watu wa eneo hilo. Asiyejua upana huo hawezi hata kufikiria kuitafuta.

Tahajia ndiyo kizuizi cha kwanza

Kamusi hii hufuata utaratibu wake wa kuandika maneno ya Kiajemi na Kiarabu kwa herufi za Kilatini, na hapa ndipo wageni wengi hukwama. Sauti ambayo sisi tunaiandika kwa herufi mbili, mara nyingi wao huiandika kwa herufi moja yenye alama. Sauti yetu ya "sh" huwa š, "ch" huwa č, "kh" huwa ḵ, na "gh" huwa ḡ. Basi Shirazi huonekana kama Šīrāz, Khosro huwa Ḵosrow, na chai huwa čāy. Makala za miaka ya karibuni zimelegeza utaratibu huu kidogo, hivyo Shiraz na Šīrāz huweza kukutana ndani ya kamusi moja.

Irabu nazo zinahitaji mazoea. Panapotarajiwa "i" fupi ya Kiarabu, kamusi huandika "e" kwa matamshi ya Kiajemi, na panapotarajiwa "u" fupi, huandika "o". Muhammad ni Moḥammad, Husein ni Ḥosayn. Athari yake kubwa iko kwenye majina yanayoanza kwa Ibn, kwa sababu yote huhamia kwenye Ebn. Anayemtaka Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na ambaye pia aliutembelea mji wa Shirazi, hatampata katika I ya juzuu zilizochapwa, bali katika E. Mwanajiografia al-Istakhri naye hukaa katika E, akiandikwa Eṣṭaḵrī. Herufi ya Kiarabu ambayo sisi huisikia kama "dh" katika jina la Adhud al-Daula huandikwa ż, na kwa hiyo mtawala huyo anaitwa ʿAżod-al-Dawla. Alama ndogo ya ʿayn mwanzoni mwa jina haihesabiwi katika mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo ipuuze unapotafuta.

Upande wa pili, watu na mahali palipozoeleka sana katika vitabu vya Ulaya wamebakiziwa majina yale yale ya Ulaya. Ibn Sina yumo kama Avicenna, na wafalme wa kale wamo kama Cyrus, Darius na Artaxerxes. Kanuni ninayoweza kuipendekeza ni kuanza na jina la Kizungu ikiwa mhusika ni maarufu duniani, na kuanza na tahajia ya Kiajemi ikiwa anajulikana zaidi kwa wataalamu.

Kuna hila moja inayookoa muda mwingi unapotafuta neno ndani ya ukurasa uliofunguka tayari. Vivinjari vingi huzipuuza alama zilizo juu na chini ya herufi, lakini haviwezi kubahatisha kwamba š ni "sh". Kwa hiyo usiandike Shiraz. Andika Siraz, yaani herufi zile zile za kamusi zikiwa zimevuliwa alama. Vivyo hivyo andika Kosrow, Cay na Azod. Ikishindikana, nakili neno kutoka kwenye makala yenyewe na ulibandike katika kisanduku. Na pale utafutaji wa tovuti unapokuletea orodha ndefu isiyo na mpangilio, nenda kwenye injini ya kawaida ya utafutaji, andika site:iranicaonline.org, acha nafasi, kisha andika maneno yako. Njia hii huleta pia makala ambazo jambo lako limetajwa ndani yake bila kuwa kichwa cha makala.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue swali ambalo watu wa pwani wamelijadili kwa vizazi. Tarikh ya Kilwa husimulia kwamba ukoo uliotawala mji huo ulitoka Shirazi. Katika nakala ya Kiarabu wanatajwa baba na wanawe sita waliosafiri katika majahazi saba. Katika masimulizi yaliyoandikwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16, yupo Ali, mwana wa mtawala wa Shirazi na mama wa Kihabeshi, aliyeondoka Hormuz na majahazi mawili. Encyclopaedia Iranica haikuandikwa ili kujibu kama masimulizi hayo ni ya kweli. Inachoweza kukupa ni upande wa pili wa bahari: nani alitawala Shirazi katika karne ya 10, watu wa huko waliishi vipi, na kulikuwa na sababu gani za kuhama au kufanya biashara ya mbali.

Anza na Fārs, jimbo ambalo Shirazi ni mji wake mkuu. Ni makala iliyogawanywa katika sehemu zenye namba za Kirumi, kuanzia jiografia, kisha historia ya kabla ya Uislamu, kisha ya baada yake. Mgawanyo wa namna hii ni wa kawaida kwa mambo makubwa, na kila sehemu huweza kuwa na mwandishi wake na ukurasa wake. Ukifungua sehemu ya kwanza na kudhani ndiyo makala yote, umeikosa habari uliyoijia. Angalia daima kama kuna namba baada ya kidahizo, yaani jina la makala, na kama ipo, tafuta orodha ya sehemu zote kabla ya kusoma.

Humo utafikishwa kwa Wabuyi, ukoo wa askari kutoka nyanda za juu za Daylam, karibu na Bahari ya Kaspi, uliouteka mji wa Shirazi mwaka 934. Fungua makala yao, Buyids. Waliokuwa waanzilishi ni ndugu watatu, Ali, Hasan na Ahmad, na walikuwa Mashia. Msomaji aliyetoka kuisoma tarikh ya Kilwa atashtuka kuyaona majina ya Ali na Hasan, lakini inafaa ajizuie, kwa kuwa majina hayo yalikuwa ya kawaida katika ulimwengu mzima wa Kiislamu na hayawezi kuwa ushahidi yakiwa peke yake. Kutoka hapo nenda kwa ʿAżod-al-Dawla, aliyetawala Fārs kuanzia mwaka 949 hadi 983, aliyejenga bwawa la Band-e Amir katika mto Kor, na ambaye maktaba yake ya Shirazi ilisifiwa na mwanajiografia al-Muqaddasi. Sasa neno Shirazi limeanza kuwa na mitaa, watawala na maji ya umwagiliaji, badala ya kuwa jina tupu la heshima.

Hatua inayofuata ni bandari, kwa sababu Shirazi iko mbali na bahari na hakuna jahazi lililong'oa nanga hapo. Bandari kubwa ya Fārs katika zama hizo ilikuwa Siraf. Mwanaakiolojia David Whitehouse aliichimbua kati ya mwaka 1966 na 1973, na jina lake ni moja ya majina utakayoyakuta ukianza kufuata marejeo ya habari za Ghuba. Al-Istakhri, yule yule aliyefichwa katika herufi ya E, aliandika kwamba nyumba za Siraf zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Hebu litafakari hilo: miti ya pwani yetu ilikuwa imebeba madari ya nyumba za wafanyabiashara wa Ghuba, na habari yenyewe inapatikana kwa mtu wa karne ya 10 ambaye jina lake linamhusisha na Fārs. Al-Muqaddasi naye anaeleza tetemeko la ardhi la mwaka 366 au 367 Hijria, yaani karibu na mwaka 977, lililoutikisa mji huo kwa siku saba. Baada ya hapo biashara ya Siraf ikadhoofika, na bandari nyingine zikachukua nafasi, kama vile kisiwa cha Kish na baadaye Hormuz.

Safari hii imepita katika vidahizo vinne au vitano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na neno Kilwa. Ndivyo kamusi hii inavyotakiwa kutumiwa na mtu wa pwani. Swali litoke kwako, nayo itoe mazingira.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa mambo madogo zaidi. Ukiyatazama mabafu ya Kidichi huko Unguja, ambayo Sayyid Said aliyajenga katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, unaweza kufungua makala ya nyumba za kuogea, Bathhouses, ukaelewa mpangilio wa hamamu za Kiajemi. Kisha ufungue ile ya Fatḥ-ʿAlī Shah, mfalme wa Uajemi wa ukoo wa Qajar aliyetawala kuanzia mwaka 1797 hadi 1834, ambaye bibi huyo hutajwa kuwa mjukuu wake. Na anayetaka kuelewa Mwaka Kogwa wa Makunduchi asome Nowruz, yaani mwaka mpya wa Kiajemi. Nayo ina sehemu zaidi ya moja, na ile ya zama za kabla ya Uislamu iliandikwa na Mary Boyce, mmoja wa wataalamu wakubwa wa dini ya Zoroasta katika karne ya 20.

Kusoma makala yenyewe

Tarehe huandikwa mbili mbili zikitengwa kwa mkwaju (/). Ya kwanza ni ya Hijria, ya pili ni ya Miladi, kwa hiyo 366/977 ni mwaka mmoja. Kwa zama za karibuni utakuta herufi Š. baada ya namba ya kwanza, ikiashiria kalenda ya jua ya Iran, ambayo nayo huanzia Hijra lakini hufuata mwaka wa jua na kuanza siku ya Nowruz, mwezi Machi. Ukitaka kuigeuza mwenyewe, ongeza 621 kwa tukio la kati ya Machi na Desemba, na 622 kwa tukio la Januari hadi kuelekea mwisho wa Machi. Mapinduzi ya Katiba ya Iran yalizaa matunda mwaka 1285 Š., yaani 1906, na utawala wa kifalme ulianguka mwezi wa Bahman mwaka 1357 Š., yaani Februari 1979. Usipoizingatia tofauti hiyo ya mwaka mmoja, utaandika 1978 na kukosea.

Kabla ya kuamini chochote, teremka hadi mwisho, utazame jina la mwandishi na tarehe ya kuchapishwa mara ya kwanza. Hili nalisisitiza kuliko yote. Makala nyingi za herufi A hadi C ziliandikwa katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Bado ni hazina kwa uchambuzi wa maandiko ya kale, kwa kuwa maandiko hayo hayajabadilika, lakini haziwezi kujua yaliyochimbuliwa au kupimwa baadaye. Mfano wetu wa Shirazi unalionyesha vizuri. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, ambao ulionyesha kwamba wahenga wao walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake Waafrika na wanaume wenye asili ya Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza takriban mwaka 1000. Yeyote anayeandika leo kuhusu uhusiano wa Fārs na pwani yetu kwa kutegemea kamusi elezo peke yake ameuacha nje ushahidi huo. Pia asisahau kwamba wanahistoria wengi walikwisha kuonyesha, kwa akiolojia na isimu, kwamba miji ya Waswahili ilikua kutokana na jamii za Kiafrika za pwani hiyo hiyo. Matokeo hayo ya vinasaba hayafuti hoja hiyo, kwa kuwa nusu nyingine ya familia hizo ilikuwa hapa tayari.

Baada ya tarehe, soma marejeo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Waandishi wa kamusi hii hutaja vyanzo vya Kiajemi na Kiarabu kwa toleo na ukurasa, kisha tafiti za Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na Kiingereza. Msomaji wa Afrika Mashariki ana nafasi nzuri hapa kuliko anavyodhani, kwa sababu wanajiografia wengi waliotajwa, al-Istakhri na al-Muqaddasi wakiwemo, waliandika kwa Kiarabu, na wapo kwetu walimu na masheikh wengi wanaokisoma kwa ufasaha. Mtafute mmoja mketi naye na ukurasa uliotajwa, badala ya kunukuu tafsiri ya tafsiri. Utakapokuta vyanzo vimefupishwa kwa herufi chache, tafuta orodha ya vifupisho ya kamusi yenyewe, kwani jina lile lile hurudiwa kwa kifupisho kile kile katika juzuu zote.

Kunukuu

Taja mwandishi wa makala, siyo mhariri mkuu, wala usiandike jina la kamusi peke yake kana kwamba imejiandika. Kwa makala iliyochapwa, chini yake utapewa juzuu, sehemu ya juzuu na kurasa, nazo ndizo za kutumia: Brian Spooner, "Baluchistan i", Encyclopaedia Iranica, juzuu III, sehemu ya 6, kurasa 598–632. Kwa makala iliyoko mtandaoni tu, weka anwani ya ukurasa na tarehe uliyoisoma, kwa sababu makala hizo huweza kusahihishwa, na anwani zinatofautiana kati ya tovuti ya zamani na ile ya Brill. Namba ya sehemu, kama hiyo "i", usiidondoshe, kwani bila hiyo msomaji wako atafungua jiografia akitafuta historia. Nakili kidahizo na alama zake zote kama kilivyo, hata kama ndani ya maandishi yako mwenyewe umeamua kuandika Shirazi na Khosro kwa tahajia yetu. Na hifadhi nakala ya ukurasa kwenye simu au kompyuta siku ile ile unapousoma, hasa ikiwa intaneti unayotegemea ni ya maktaba au ya chuo.